Supu ya Tambi za Kukata kwa Mkono kwa Mabaki ya Bata Mzinga: Mwongozo Kamili

Bata mzinga wa kilo 5 akishaliwa, sinia hubaki na mgongo, shingo, mifupa ya mapaja, mabawa yaliyoguswa nusu na kile kipande cha kidari ambacho wageni walikikwepa kwa kuwa kimekauka. Hapo ndipo penye supu. Mifupa hiyo hutoa lita 2 za supu nzito, na nyama iliyoshikamana nayo, ukiibandua kwa subira, hufika gramu 400 hadi 500. Ukiongeza tambi za unga na mayai ulizosukuma mwenyewe, watu 6 watakula washibe.

Tambi za hapa msizichanganye na zile nyembamba za kupika kwa sukari na tui. Hizi ni pana kama milimita 5, zina chumvi kidogo, na huiva ndani ya dakika chache. Anayejua kusukuma chapati ana nusu ya ufundi tayari, ila kuna mazoea mawili ya chapati ambayo itabidi ayaache, na tutayataja tukifika kwenye unga.

Kazi huanza siku ile ile ya sikukuu

Wengi huiharibu supu hii kabla hawajawasha jiko. Nyama iliyopikwa isikae mezani zaidi ya saa 2. Kama shughuli iko nje chini ya turubai na joto limepita nyuzi 32, muda huo unashuka hadi saa 1. Kuchemsha tena kesho yake hakuokoi kilicholala nje usiku kucha, kwa sababu baadhi ya vijidudu huacha sumu isiyovunjika kwa moto. Chakula kinaweza kunuka vizuri kabisa na bado kikaangusha familia nzima.

Kwa hiyo wageni wakishapakua, chukua sinia uende nalo jikoni. Nyama hubanduka kwa urahisi ikiwa bado vuguvugu. Ikishaganda kwenye friji utaikwangua kwa kisu na kuivuruga. Tumia vidole vilivyooshwa. Anza na kidari, fuata mapaja, kisha pinduka mgongoni, ambako kuna vijinofu viwili vya mviringo karibu na nyonga, kila upande kimoja. Wengi hawavijui na huvitupa pamoja na mifupa, ilhali ni nyama laini kuliko yote kwenye ndege huyu.

Nyama weka kwenye chombo chake chenye mfuniko. Mifupa, vigegedu na ngozi ambayo haijaungua weka kwenye chombo cha pili. Ngozi iliyoungua ikawa nyeusi tupa. Kama tumboni mlijaza wali au viazi, toa vyote na uvihifadhi kando, kwa sababu vikiingia kwenye supu vitaifanya uji.

Ukiwa na friji, nyama na mifupa hukaa siku 3 hadi 4. Kwenye friza, miezi 3 bila kupoteza ladha. Umeme ukikatika, usifungue mlango: friji iliyofungwa hushika ubaridi kama saa 4, na friza iliyojaa hushika hata siku 2. Huna friji? Basi pika siku hiyo hiyo. Kama mlikula mchana, injika mifupa saa 9 alasiri, na saa 2 usiku supu itakuwa mezani. Iliwe iishe.

Jinsi bata alivyopikwa hubadilisha supu

Hili halisemwi sana, na ndilo linalofanya supu ya nyumba moja iwe tamu na ya jirani iwe maji matupu.

Nyumbani kwetu bata mzinga wa kienyeji mara nyingi huchemshwa kwanza hadi alainike, ndipo akaangwe au apelekwe kwenye makaa. Kama ndivyo ulivyofanya, mifupa yako imeshatoa sehemu kubwa ya utamu wake kwenye yale maji ya kwanza. Usiyamwage. Yachuje, yapoze, uyahifadhi, kisha uyatumie badala ya sehemu ya maji ya kupikia mifupa. Ukiyakosa, punguza maji: badala ya lita 3 kwa kilo ya mifupa, weka lita 2 tu.

Aliyechomwa kwenye makaa hutoa supu yenye harufu ya moshi, na ni nzuri, lakini kila palipo peusi ni uchungu unaongoja. Kwangua kwa kisu mpaka uone rangi ya kahawia. Kidole kimoja cha masizi kinatosha kuharibu sufuria nzima, na uchungu huo hauna dawa.

Aliyeokwa kwenye oveni ndiye rahisi kuliko wote. Mwaga maji ya moto kikombe 1 kwenye trei, kwangua yale yaliyogandia chini yakiwa ya kahawia, umimine kwenye sufuria ya supu.

Halafu kuna viungo. Kama alilowekwa kwenye sosi ya soya, chumvi nyingi au unga wa viungo vya kuchomea, suuza mifupa haraka kwa maji ya moto kabla ya kuiinjika. Na chumvi usiitie kabisa hadi supu ichujwe, kwa sababu supu inavyopungua ndivyo chumvi inavyozidi.

Kuchemsha mifupa

Kwa kilo 1 ya mifupa utahitaji lita 3 za maji baridi, kitunguu maji 1 kikubwa, karoti 2, punje 4 za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi kama kidole gumba na punje 10 za pilipili manga nzima. Vijiti 2 vya seleri vikipatikana sokoni, vizuri. Visipopatikana, mashina ya giligilani hufanya kazi hiyo. Kitunguu kioshe, kikate katikati, ukiache na ganda lake la ndani, maana ndilo linaloipa supu rangi ya dhahabu.

Tenganisha mgongo vipande 3 au 4 kwa kufuata maungio. Usiupasue kwa panga. Mifupa ya ndege huyu hupasuka kwa ncha kali kama sindano, na kipande kidogo kikipenya kwenye chujio kitamkwama mtu kooni.

Weka mifupa kwenye sufuria ya lita 6 au zaidi, mimina maji baridi yaifunike kwa vidole viwili. Baridi kwa sababu maji yanapopanda joto polepole, utomvu wa nyama hujikusanya kuwa povu la kijivu juu, nawe unaliengua kwa urahisi. Maji ya moto hulifanya povu lile lisambae na lisikamatike. Engua kwa kijiko kwa dakika 10 za mwanzo, kila linapotokea.

Yakikaribia kuchemka, punguza moto. Angalia ukingo wa sufuria: kipovu kimoja kinapanda hapa, kinapasuka, kingine kinapanda kule. Katikati maji yanatetemeka tu. Huo ndio moto unaotakiwa hadi mwisho. Kwenye gesi ni mwali mdogo kabisa. Kwenye jiko la mkaa, toa makaa nusu na yaliyobaki uyafunike kwa majivu. Ukiacha ichemke kwa nguvu, mafuta husagika na kuchanganyika na maji, na supu huwa nyeupe kama maji ya unga na kubaki na utelezi wa mafuta mdomoni. Ikishafika hapo hairudi.

Anayepika mapanki, yale mabaki ya sangara yaliyoondolewa minofu, anajua kwamba mifupa ya sangara hutoa utamu wake ndani ya nusu saa, na ukiizidisha inaanza kuleta ukali. Mifupa ya bata mzinga ni kinyume. Kinachoifanya supu iwe nzito ni kolajeni, ile protini inayogeuka jeli, iliyo kwenye vigegedu na maungio, nayo hulainika polepole mno. Wa kisasa mpe saa 3. Wa kienyeji aliyetembea uani mwaka mzima mpe saa 4. Tena huku kwetu Mwanza, kando ya ziwa, tuko kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Maelekezo yaliyoandikwa kwa mtu wa pwani, kwetu yaongezee kama nusu saa kwenye mifupa na dakika moja kwenye tambi.

Mboga zote na tangawizi zitie ikibaki saa 1. Ukizitia mwanzoni, karoti husagika na supu hupata ladha ya mboga zilizochoka. Maji yakishuka hadi mifupa ionekane, ongeza ya moto, nusu kikombe kwa wakati mmoja. Na usifunike kabisa: acha mfuniko umekaa upande, na mwanya wa vidole viwili.

Utajua imeiva ukishika maungio ya paja yakaachana bila nguvu, na ukigusa supu kwenye midomo ukahisi kama midomo inataka kushikana. Chuja kwa chujio lenye matundu madogo, usikamue mboga. Kwa lita 3 ulizoanza nazo utapata lita 2 au zaidi kidogo.

Kama unaihifadhi, ipoze upesi. Sufuria kubwa ya supu ya moto ikiachwa mezani hukaa vuguvugu usiku kucha, na huo ndio uvuguvugu vijidudu wanaoupenda. Gawa kwenye vyombo vidogo, viweke ndani ya beseni la maji baridi, badilisha maji mara mbili au tatu, ukikoroga. Isipite saa 2 kabla haijaingia kwenye friji. Asubuhi utaikuta imeganda na kutikisika kama jeli, na juu ina tabaka la mafuta. Usidhani imeharibika: kuganda huko ndiko kunakuonyesha mifupa imetoa kila ilichokuwa nacho. Mafuta yaengue, ubakize vijiko 2 vya chakula kwa ajili ya ladha.

Unga wa tambi

Pima gramu 300 za unga wa ngano wa kawaida, yaani vikombe 2 na nusu vya mililita 240, chumvi nusu kijiko cha chai, na mayai 3 ya kisasa. Ya kienyeji ni madogo, kwa hiyo weka 4. Njia ya uhakika ni kuyapiga kwenye kikombe na kupima: yafike mililita 150. Yakipungua, jazia maji kijiko kimoja kimoja.

Sasa yale mazoea mawili ya chapati. Usitie mafuta, na usitumie maji ya moto. Vyote viwili hulainisha unga, jambo linaloifaa chapati, lakini tambi inatakiwa kusimama ndani ya supu bila kukatika. Inahitaji ule mvuto wa unga uliokandwa kwa ubaridi.

Changanya unga na chumvi juu ya kibao, fanya shimo katikati, mimina mayai, koroga kwa uma ukivuta unga kutoka pembeni. Mwanzoni utaona mabonge makavu yasiyotaka kushikana, na vidole vimejaa gundi. Hapo ndipo wengi hukimbilia maji, na ndipo wanapokosea. Kanda tu. Sukuma kwa kiganja, kunja, zungusha robo, sukuma tena. Dakika ya 3 bonge linakusanyika ila lina mipasuko kama udongo uliokauka. Dakika ya 6 mipasuko inafungwa. Dakika ya 10 ngozi yake ni nyororo, halishiki mkono, na ukilibonyeza ni laini kama ndewe ya sikio. Tundu la kidole linarudi polepole. Likiwa bado gumu na linapasuka baada ya dakika 8, lowesha mikono kwa maji uendelee. Likiwa linanata, nyunyiza unga kijiko 1.

Lifunike kwa bakuli, lipumzike dakika 30 hadi 40. Usiruke hatua hii. Donge ambalo halijapumzika linajivuta: unalisukuma, linarudi kama mpira, na tambi zinaishia kuwa nene.

Gawa vipande 4. Kimoja weka kibaoni, vitatu vibaki chini ya bakuli visikauke. Sukuma kwa kifimbo cha chapati kuanzia katikati kwenda nje, ukigeuza na kunyunyiza unga kidogo, hadi unene wa milimita 1 na nusu. Kipimo cha macho: inua mbele ya dirisha, uone kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Huwezi kukosea kwa wembamba, kwa sababu tambi za mayai huvimba zikiiva. Nene zikiiva nje, ndani zinabaki unga.

Acha kila duara likae dakika 5 wazi. Nyunyiza unga juu, likunje kama unavyokunja mkeka, kisha kata kwa kisu kikali vipande vya milimita 5. Kisu kisibonyeze, kiteleze, la sivyo mikunjo inashikana na utapata mabonge badala ya tambi. Ukimaliza mkunjo mmoja, mara hiyo hiyo zikung'ute kwa vidole na kuzitandaza kwenye sinia au kitambaa safi chenye unga.

Zikauke dakika 20 hadi 30. Siku za masika, hewa ya ziwani ikiwa nzito kwa unyevu, huenda zikataka hadi dakika 45, feni husaidia. Zina mayai mabichi, hivyo zisikae nje zaidi ya saa 2. Za kesho zitie kwenye mfuko, uziweke kwenye friji; za wiki ijayo zigandishe kwenye friza zikiwa zimetandazwa, ndipo uzikusanye, na siku ya kupika zitie kwenye maji yanayochemka bila kuziyeyusha.

Kupika tambi: sufuria moja au mbili?

Kama supu yote italiwa kwa mkao mmoja, pika tambi ndani ya supu yenyewe. Hunywa utamu, na unga kidogo unaozitoka huifanya supu iwe nzito kwa namna nzuri. Zikung'ute kwanza, maana unga mwingi utaifanya kuwa uji.

Kama kuna kitakachobaki, hata bakuli moja la mtu aliyechelewa kurudi, zipike kando. Tambi haziachi kunywa maji zikiiva. Zikilala ndani ya supu, asubuhi utakuta hakuna supu, ni bonge laini lisilo na umbo. Chemsha lita 3 za maji na chumvi kijiko 1 cha chakula, tia tambi kidogo kidogo, koroga mara moja zisishikane, pika dakika 4 au 5. Toa moja, ikate kwa meno: katikati kusiwe na mstari mweupe. Zichuje na uzichanganye na kijiko 1 cha yale mafuta uliyoengua.

Kuunganisha

Pasha lita 2 za supu hadi ichemke. Tia chumvi kijiko 1 cha chai, koroga, onja, ongeza kwa mkono mdogo. Vipande vya viungo vya kununua havihitajiki hapa. Vina chumvi nyingi na hufunika ladha uliyoisubiri saa 4.

Tia karoti 2 mpya zilizokatwa duara nyembamba, zipike dakika 8. Kama tambi unazipikia humu, ndipo unaziingiza sasa, dakika 5.

Nyama huja mwisho, na sababu ni moja: imeshaiva jana. Inahitaji kupata moto tu. Kidari kikichemka dakika 15 kinakuwa nyuzi za kamba. Kikate vipande vya sentimita 2, kwa kukatisha nyuzi zake. Nyama ya mapaja ichambue kwa vidole, kwani hiyo huvumilia. Tia vyote, acha dakika 3 hadi kipande cha ndani kiwe moto wa kuunguza ulimi, epua.

Pakua: tambi kwanza kama zilipikwa kando, kisha supu yenye nyama, juu kitunguu majani na giligilani vilivyokatwa wakati huo huo, na pilipili manga iliyotwangwa. Ndimu na pilipili mbuzi viende mezani, kila mtu ajikamulie. Ndimu iliyochemshwa ndani ya sufuria huleta uchungu.

Ikienda mrama

Supu nyepesi isiyo na ladha: ichuje, iinjike wazi bila mfuniko, ipungue kwa robo, kisha uonje tena kabla ya kutia chumvi.

Imezidi chumvi: kutumbukiza kiazi hakuvuti chumvi kama wengi wanavyoamini, kinanyonya supu na chumvi yake kwa kiwango kile kile. Dawa ni maji ya moto, au tambi zaidi zilizopikwa kwenye maji yasiyo na chumvi.

Ina ukungu lakini ladha ni nzuri: ilichemka kwa nguvu. Kula tu, na safari nyingine punguza makaa.

Ina harufu ya uchachu au inatoa vipovu ikiwa baridi: mwaga yote, pamoja na nyama iliyomo.

Kinachobaki

Supu, nyama na tambi vikae kwenye vyombo vitatu tofauti, na vyote viwe vimeliwa kabla nyama haijafikisha siku 4 tangu sikukuu. Hesabu siku kuanzia siku ya bata, si siku ya supu. Kwenye friza weka supu na nyama tu. Tambi zilizokwisha kuiva zikigandishwa husagika. Unapopasha, chukua kiasi cha mlo huo peke yake, kichemke kweli kweli kwa dakika nzima, ndipo utie nyama, na tambi zimwagie supu ya moto zikiwa tayari ndani ya bakuli.